Kufunga na kutumia mashine mpya ya mkanda: mwongozo kwa fundi visu wa Tanga

Fundi aliyezoea tupa na cherehe akipata mashine ya mkanda, ile inayosaga chuma kwa mkanda wa msasa unaozunguka kwenye puli, hamu yake ya kwanza ni kuona cheche. Subiri kwanza. Mashine ambayo puli zake haziko kwenye mstari mmoja itakufanya uulaumu mkono wako miezi na miezi, kumbe kosa ni bolti mbili zilizokazwa bila kupimwa. Ndiyo maana karibu nusu ya mwongozo huu ni kazi ya kufanya kabla chuma hakijagusa msasa.

Mashine tunayoizungumzia ni ya mkanda wa 50 × 1830 mm, yaani inchi 2 kwa 72, kipimo kinachotumiwa sana na watengeneza visu. Mota yake iwe ya 1.5 kW, nguvu farasi 2. Ya 0.75 kW itafanya kazi, ila ukikandamiza chuma kinene inalemewa, na mota inayolemewa kila siku haifiki mbali.

Kagua vipande kabla ya kufunga

Panga kila kitu chini: fremu, mota, puli ya mota (ile kubwa inayovuta mkanda), puli mbili ndogo za bamba (kipande bapa kilicho nyuma ya mkanda, unachokandamizia kazi), puli ya juu ya kuongozea, mkono wa kukazia wenye springi, bamba lenyewe, meza ndogo ya kuegemezea kazi, na inveta, yaani kifaa cha umeme cha kubadili spidi ya mota, kama umenunua. Puli ya juu itazame kwa makini. Uso wake si bapa, umevimba kidogo katikati, na uvimbe huo ndio unaoushika mkanda usitoke. Ukikuta imechongwa bapa kabisa, rudisha, au mpelekee fundi mwenye lezi aivimbishe.

Zungusha kila puli kwa kidole. Izunguke kimya na isimame yenyewe taratibu. Ikikwaruza, beringi ina mchanga au imebanwa ilipopigwa nyundo. Beringi za puli hizi mara nyingi ni 6202 au 6203, na wauza spea za pikipiki wanazo.

Puli ya mota ipime ikiwa imeshafungwa kwenye shafti. Shika kipande cha chaki karibu kabisa na uso wake, kisha izungushe kwa mkono. Chaki ikigusa sehemu moja tu na kuacha nyingine, puli haiko duara sawasawa, na kila mzunguko utausikia mkononi kama kidonge kinachogonga. Hitilafu hiyo hairekebishiki kwa kukaza bolti. Puli inapelekwa lezi.

Mahali na stendi

Simama wima, kunja kiwiko nyuzi 90. Katikati ya bamba pawe usawa wa kiwiko au sentimita 5 chini yake. Kwa watu wengi ni kati ya sentimita 100 na 110 kutoka sakafuni. Mashine ikiwa chini ya hapo utainama, mabega yatachoka, na mteremko wa kisu, yaani ule ubapa unaoshuka kuelekea makali, utaanza kupinda kila ukikaribia ncha.

Stendi chomelea kwa bomba la mraba la 50 × 50 × 3 mm, miguu ikiwa imetanuka angalau sentimita 50 kila upande, kisha ifunge kwenye zege kwa bolti za M10 au M12. Ukiona inatetemeka, jaza mchanga mkavu ndani ya miguu kabla ya kuiziba. Chukua mchanga wa mto, si wa ufukweni, maana chumvi italila bomba kutoka ndani na hutajua mpaka siku linapotoboka.

Kuhusu banda lenyewe: paa la makuti na mashine ya mkanda havikai nyumba moja. Cheche nyingi zinaelekea chini, lakini zinaruka zikigonga meza, na vumbi la moto hupanda na upepo. Ukuta wa makuti vivyo hivyo. Ondoa katani, makumbi ya nazi, magunia na kidumu cha petroli ya pikipiki. Chini ya bamba weka ndoo yenye lita 10 za maji ya kupokea cheche.

Ukiwa na banda lililo wazi, kumbuka kwamba kaskazi ya Januari na kusi ya Julai hazitoki upande mmoja. Weka mashine mahali ambapo upepo wa misimu yote miwili utakupiga ubavuni na kulitoa vumbi nje. Ukivuma kutoka mbele yako, vumbi lote litaishia puani.

Umeme

Kazi hii mpe fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, lakini ujue anachotakiwa kufanya ili uweze kumsimamia.

Inveta ya 1.5 kW inayolishwa umeme wa nyumbani wa 230 V inaweza kuvuta karibu ampea 14 ikifanya kazi nzito. Plagi ya ampea 13 haitoshi, na kebo ya kuunganishia ya kawaida inapata moto. Vuta laini yake peke yake kutoka kwenye bodi, waya wa 2.5 mm² kwa umbali mfupi au 4 mm² ukiwa mbali, na breka ya ampea 20. Waya wa ethi ufike kwenye fremu ya mashine na kwenye mota, usiishie kwenye soketi.

Inveta inaendesha mota ya fezi tatu. Usiiunganishe na mota ya fezi moja yenye kapasita, ile ya pampu ya maji au ya mashine ya kusaga nafaka. Itaunguza kapasita, au mota, au inveta yenyewe.

Soma kibati cha mota. Kikisema 230/400 V, na inveta yako inatoa 230 V, mota ifungwe delta: ndani ya kile kiboksi cha nyaya, vile vibati vitatu vya shaba visimame wima, kila kimoja kikiunganisha nati ya juu na ya chini yake. Mota nyingi zinatoka dukani zikiwa zimefungwa stari, vibati viwili vimelala. Ukiacha hivyo mota itazunguka vizuri sana ikiwa tupu, na ukigusisha chuma tu inakosa nguvu. Fundi wengi huhisi wameuziwa mota mbovu. Ikiwa kibati kinasema 400/690 V, mota hiyo si ya inveta ya 230 V.

Kwenye inveta weka mambo haya kabla ya kuwasha: ampea za mota kama zilivyo kwenye kibati, marudio ya msingi 50 Hz, ya juu kabisa 60 Hz mpaka uwe umehakikisha mota na puli zinaruhusu zaidi, muda wa kupanda spidi sekunde 4, muda wa kushuka sekunde 6 hadi 8. Ukiweka sekunde 1 ya kushuka, inveta itakata yenyewe kwa sababu mota inayobanwa ghafla inarudisha umeme nyuma. Usifunge swichi kati ya inveta na mota. Kuwasha na kuzima kufanyike kwa vitufe vya inveta.

Jambo linaloua inveta kuliko yote ni vumbi la chuma, kwa sababu linapitisha umeme. Nunua iliyozibwa ya IP65. Kama ni ile yenye matundu, iweke ukutani nyuma yako au chumba cha pili, ndani ya boksi lenye chujio. Kwa hewa yetu ya chumvi, tia ndani ya boksi vile vipakiti vya kunyonya unyevu na uvibadilishe masika yanapoisha. Kila ukitaka kufungua kifuniko, zima breka na usubiri dakika 10, maana kapasita zake zinabaki na umeme wa kuua hata taa ikiwa imezimika.

Mwisho, jaribu mzunguko bila mkanda. Mkanda unatakiwa kushuka chini ukipita mbele ya bamba. Mota ikizunguka kinyume, badilisha nyaya mbili zozote kati ya tatu zinazotoka kwenye inveta kwenda kwenye mota.

Kunyoosha puli

Hapa ndipo pa kutumia saa nzima bila kuona haya. Unahitaji rula ya aluminiamu ya mita moja au uzi wa kujengea, skwea, na kalipa.

1. Zima umeme, toa mkanda, toa bamba.
2. Weka alama ya kalamu katikati ya upana wa kila puli. Usipime kwa kingo, kwani puli zinaweza kutofautiana upana.
3. Vuta uzi kutoka alama ya puli ya mota hadi ya puli ya juu, kisha hadi za bamba. Tofauti isizidi milimita 1. Anza kwa kuisogeza puli ya mota kwenye shafti yake, ndiyo rahisi kuliko zote. Ikishakaa, kaza skrubu yake juu ya ufunguo wa shafti.
4. Sasa pima usambamba. Laza rula ubavuni mwa puli ya mota na uone kama iko umbali uleule kutoka kwenye fremu mbele na nyuma. Ikiwa mota imepinda, legeza bolti za miguu yake na uingize vipande vya bati jembamba chini. Bati la kopo la soda lina unene wa karibu 0.1 mm, linafaa sana kwa kazi hii.
5. Kaza kila kitu, halafu pima tena. Bolti zikikazwa huvuta mota, na kipimo cha kabla ya kukaza hakina maana.

Mkanda wa kwanza

Ndani ya mkanda kuna mshale. Uelekee chini unapopita mbele ya bamba. Mikanda isiyo na mshale, yenye maungio ya kukutanisha ncha, inakubali pande zote mbili. Ukiweka wenye mshale kinyume, maungio yatafumuka ukiwa umesimama mbele yake.

Achia mkono wa kukazia uubane mkanda. Kwenye sehemu isiyo na bamba, bonyeza kwa dole gumba: uingie kama milimita 10 hadi 15. Ukiingia zaidi utateleza kwenye puli ya mota na kupiga kelele ukikandamiza, na ukikataa kabisa kuingia unazichosha beringi bure.

Zungusha kwa mkono mizunguko kumi hivi, ukigeuza skrubu ya kuongozea robo kwa robo mpaka mkanda ubaki katikati. Kisha simama pembeni, usiwe kwenye njia ya mkanda, washa inveta kwa 8 au 10 Hz. Mkanda utasogea kidogo halafu utulie. Panda 20, 30, 50. Ukitulia chini na kukimbia juu, rudi kwenye puli, bado hazijanyooka. Skrubu ya kuongozea ni ya kurekebisha tofauti ya mkanda na mkanda. Haikuwekwa kwa ajili ya kuficha fremu iliyopinda.

Bamba na meza

Rudisha bamba. Uso wake utangulie mbele ya puli zake ndogo kwa milimita 1 hadi 2, ili mkanda ulale juu yake, na kati ya kingo zake na puli pawe na nafasi ya milimita 2 au 3. Kwa skwea, hakikisha bamba na meza vina nyuzi 90. Kati ya meza na mkanda paachwe 1.5 hadi 2 mm. Mwanya mkubwa unameza vipande vidogo, na kidole hufuata.

Bamba la chuma cha kawaida linaliwa na mkanda. Baada ya muda linakuwa na bonde katikati, na mteremko wa kisu unakuwa na kilima ambacho hutajua kimetoka wapi. Weka rula juu yake kila mwezi uangalie mwanga unaopita. Dawa ya kudumu ni kubandika kioo cha kauri kinachostahimili joto kwa gundi ya epoksi, chini kikiwa kimekalia kishikizo kidogo cha chuma ili kisiteleze joto likipanda. Kioo cha dirisha kitapasuka.

Jaribio la mwisho: chukua kipande cha chuma chakavu, kipake wino wa maka pen, kiegemeze kwenye bamba kwa sekunde moja. Wino ukitoka sawa pande zote, mashine iko tayari. Ukitoka upande mmoja tu, bamba limepinda.

Spidi na mikanda

Spidi ya mkanda kwa mita kwa sekunde unaipata hivi: kipenyo cha puli ya mota kwa mita, zidisha 3.14, zidisha mizunguko ya mota kwa dakika, gawanya kwa 60. Puli ya 100 mm kwenye mota ya mizunguko 2,850 inatoa karibu mita 15. Puli ya 150 mm kwenye mota hiyohiyo inatoa zaidi ya 22, na kwenye mota ya mizunguko 1,430 inatoa 11 tu.

Msasa namba 36 hadi 60 wa seramiki unapenda mita 20 na zaidi, tena ukandamizwe. Punje zake zinajinoa kwa kuvunjika, na ukiupapasa taratibu zinang'aa na kufa zikiwa bado nzima. Namba 120 na 220 zitumie kwa mita 8 hadi 12. Namba 400 na kupanda, mbao, na kisu kilichokwisha kutiwa ugumu, mita 3 hadi 6. Fundi mpya aanze na thuluthi ya spidi hata kwa namba 60. Atachelewa, ila hataharibu. Usikae muda mrefu chini ya 20 Hz, kwa sababu feni ya mota iko kwenye shafti yake na ikizunguka polepole mota haipozwi.

Kwa kuanzia, nunua mikanda kumi ya namba 36 au 60, mitano ya 120, mitano ya 220 na miwili ya 400. Dukani Tanga usitegemee kukuta kipimo hiki kila siku, kwa hiyo agiza kabla hujaishiwa. Itundike kwenye bomba pana, isikunjwe wala kupigiliwa msumari, mbali na jua na ukuta unaotoa maji. Unyevu unakunja kitambaa na kulegeza gundi ya maungio.

Mavazi

Miwani ya kazi na juu yake ngao ya uso. Barakoa ya vumbi ya daraja la P2 au zaidi, si kitambaa. Vizibo vya masikio. Viatu vilivyofunika, ndala zibaki mlangoni. Kikoi, kanzu, mikono mirefu iliyolegea, mkufu, kamba ya kitambulisho: vyote hivyo mkanda unavishika na kukuvuta. Glovu za ngozi au kitambaa hazivaliwi. Pamoja na hatari ya kuvutwa, zinakuzuia kusikia joto la chuma, na joto ndilo linalokuambia lini uchovye.

Chuma cha kwanza

Chuma kinachopatikana kirahisi ni springi za magari, na kwa kawaida ni cha kundi la SUP9 au 5160, kizuri kwa kisu. Ubaya wake ni nyufa zisizoonekana, hasa karibu na tundu la bolti ya katikati. Kata sehemu hiyo uitupe. Springi inakuja ikiwa ngumu, hivyo ilainishe: ipashe mpaka sumaku isiishike, ongeza moto kidogo, ifukie kwenye majivu makavu hadi kesho yake. Halafu ifue mpaka 4 mm.

Usipeleke chuma chenye magamba meusi ya moto kwenye mkanda mpya. Magamba hayo ni magumu kuliko chuma chenyewe na yanamaliza mkanda wa namba 36 kwa dakika chache. Kiloweke kwenye siki usiku mmoja, kisugue kwa brashi ya waya, kisafishe kwa maji na ukikaushe mara moja, kabla hewa ya bahari haijakipaka kutu.

Kwanza toa umbo. Chora kisu, kata karibu na mstari, malizia kwenye bamba ukiwa umekilaza kwenye meza. Kisha weka mistari ya makali. Paka wino ukingo mzima, chukua keekee yenye kipenyo sawa na unene wa chuma (chuma cha 4 mm, keekee ya 4 mm), vilaze vyote kwenye kioo au meza bapa, na ukwaruze ukingo kwa ncha ya keekee. Itachora katikati kabisa. Kwa kisu cha kazi unahitaji mistari miwili iliyoachana 0.8 mm, 0.4 kila upande wa katikati, kwa sababu unene huo haupunguzwi kabla ya moto, yaani kabla kisu hakijatiwa ugumu. Makali membamba yakiingia kwenye mafuta yanapinda au kupasuka.

Chukua mkanda uliochoka wa namba 36, kata pembe za ukingo kwa nyuzi 45 mpaka kwenye mistari hiyo, pande zote mbili. Usiiruke hatua hii. Ukingo mkali wa nyuzi 90 unang'oa punje za mkanda mpya, na pesa yako inaishia kwenye ndoo ya maji.

Kutoa mteremko

Fanya hesabu kwanza. Chuma cha 4 mm, makali ya 0.8 mm, mteremko wenye upana wa 30 mm: kila upande unatoa 1.6 mm ndani ya 30 mm, karibu nyuzi 3 tu. Wanaoanza wote huinua mgongo wa kisu kupita kiasi, kwa sababu nyuzi 3 zinaonekana kama kulaza kabisa.

Makali yatazame juu ili uyaone. Viwiko vibane mbavuni, magoti yalegee. Anza kwenye kikomo, pale mteremko unapoanzia karibu na mpini, gusisha, kisha hamisha mwili mzima kwa kiuno, mikono ikibaki ilivyo. Mkono ukitembea peke yake unachora tao, na tao hilo utaliona kama bonde katikati ya ubapa. Toa kisu kwenye mkanda kabla ncha haijavuka katikati ya bamba, la sivyo ncha inaviringika. Kidole gumba cha mkono wa kushoto ndicho kinachoamua: kikisukuma juu karibu na makali, msasa unakula makali, kikishuka kuelekea mgongo, mteremko unapanda. Badilisha mahali pa kidole hicho, si pembe ya mkono.

Pita mara tatu upande wa kulia, tatu wa kushoto. Ukimaliza upande mmoja kabla ya kugusa wa pili, chuma kinapinda na vikomo havitalingana. Kama vikomo vinakusumbua, funga kibano cha chuma kigumu mahali mteremko unapoanzia na uache mkanda utokeze milimita 2 nje ya ukingo wa bamba.

Kwa namba 36 fika karibu na mistari bila kuigusa. Namba 60 inafuta mikwaruzo ya 36, na 120 ya 60. Kila ukibadilisha namba, egemeza kisu kwa mshazari tofauti kidogo, ili mikwaruzo ya zamani ionekane ikikatwa na mipya. Mkwaruzo wa 36 ulioachwa kwa uvivu utauona tena kwenye namba 400, na itabidi urudi nyuma kote huko. Kabla ya moto ishia 120 au 220.

Kisu kinachonyumbuka kama cha kutolea minofu ya samaki anza na chuma cha 2 mm na usikitoe mteremko mwingi kabla ya moto. Mafundi wengi hukitia ugumu kikiwa bapa, halafu hukisaga chote baadaye kwa subira na maji.

Baada ya moto

Chuma cha springi kipashe mpaka kipoteze sumaku, ongeza rangi kidogo (takriban nyuzi 830 hadi 850 za Selsiasi), kichovye kwenye mafuta ya kula yaliyopashwa hadi nyuzi 50 au 60, kisha kipike kwenye oveni kwa nyuzi 200, saa mbili, mara mbili. Tupa ikiteleza juu ya makali bila kuuma, kimekubali.

Kuanzia hapo joto la mkanda ndilo adui. Tumia mkanda mpya, spidi ya chini, mikono mitupu, na uchovye kisu kwenye maji kila baada ya kupita mara moja. Usisubiri kikuunguze, kwa kuwa makali ni membamba na yanapata moto kabla vidole havijasikia. Rangi ya majani makavu inatokea karibu nyuzi 220, na ya bluu karibu 300. Ukiona bluu kwenye makali, ugumu wa mahali hapo umekwenda, na kufuta rangi hakuurudishi. Ni kusaga mpaka upite sehemu hiyo, au kurudia moto wote.

Makali kabla ya kunolewa yafike 0.2 hadi 0.3 mm kwa kisu cha samaki au jikoni, 0.4 hadi 0.5 kwa kisu cha kazi, 0.7 hadi 1.0 kwa panga la madafu. Kunoa kwenyewe kufanyike kwenye sehemu ya mkanda isiyo na bamba, namba 400, spidi ya chini kabisa, makali yakitazama chini ili mkanda uyakimbie. Yakitazama juu mkanda unakatika au unakinyakua kisu. Nyuzi 15 kila upande kwa jikoni, 20 kwa kazi, 25 kwa panga. Malizia kwenye kinoo.

Mpini

Mpingo, mninga na mtiki wa Longuza vyote vinasagika vizuri kwa namba 60, 120 na 220. Mpingo unaungua upesi na unaziba msasa. Punguza spidi na usafishe mkanda kwa kipande cha mpira laini wa kusafishia msasa. Vumbi lake linawasha ngozi na kubana kifua, barakoa isivuliwe.

Usisage mbao na chuma kwenye ndoo au mfuko mmoja wa vumbi. Cheche moja inaingia kwenye vumbi la mbao, inafuka saa mbili tatu, na moto unaanza ukiwa umeshafunga karakana. Aluminiamu nayo isikutane na vumbi la chuma, kwani mchanganyiko huo ukipata cheche unawaka kwa ukali ambao maji hayauzimi.

Ikigoma

Mkanda ukidunda kila mzunguko kwa sauti moja, tazama maungio: ama ni manene, ama mkanda ulikunjwa ghalani. Badilisha mkanda, ukidunda tena, ni puli. Mtetemo unaoongezeka na spidi ni puli isiyo na uwiano au beringi iliyokwisha. Mkanda unaoruka ukikandamiza upande mmoja umelegea, au uvimbe wa puli ya juu umeliwa. Chuma kikipata moto upesi kuliko jana kwa namba ileile, mkanda umekufa. Uning'inize kando kwa kazi ya kukata pembe, usiubembeleze.

Jioni futa mashine yote kwa brashi na kitambaa chenye mafuta mepesi ya mashine. Usitumie mafuta ya nazi japo yamejaa kila nyumba hapa. Yanachacha, yanaganda, na yanashika vumbi kama gundi. Vumbi la chuma lililoloa likiachwa siku mbili linakuwa ganda gumu chini ya meza na ndani ya mkono wa kukazia, na siku hiyo ndipo mkanda unaanza kukimbia bila sababu. Bolti za mota na puli zikaguliwe kwa spana kila wiki mwezi wa kwanza. Beringi ikianza kulia, toa puli nzima uende nayo dukani, usome namba ubavuni, na uchukue yenye vifuniko vya mpira, zenye herufi 2RS. Zile zilizo wazi hazimalizi mwezi kwenye vumbi hili.